Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: bwawa la Dodoma lianzie mlimani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma,
Na kwa wahandisi wote ambao michoro ya mabwawa ipo mezani kwao.

YAH: TOPE

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo.

Naandika barua hii saa tisa usiku nikiwa Ipagala, kwa sababu zamu yetu ya maji huangukia usiku na koki ya uani haina mtu mwingine wa kuingoja. Watoto wameshahama, mama watoto mgongo unamsumbua. Kwanza koki inakohoa. Inapuliza upepo dakika kama tano hivi, inatema maji ya rangi ya chai, inanyamaza, halafu yanakuja ya kweli, na hapo ndipo unapoanza kukimbizana na madumu kabla presha haijashuka. Kazi hii nimeizoea kiasi kwamba nikiwa nimefumba macho najua kwa mlio tu dumu limebakiza vidole vingapi lijae.

Siwaandikii kulalamikia mgao. Mgao kila mtu wa Dodoma anaujua, na ninyi mliohamia huku na Serikali sasa mnaujua pia. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956 tukiwa manispaa. Ya 2022 ikatukuta 765,179 tukiwa jiji. Mahitaji ya maji yamevuka lita milioni 130 kwa siku, na kinachozalishwa, hata baada ya kuchimbwa visima vya Nzuguni, kinachezea kwenye nusu hivi. Hesabu hiyo haihitaji profesa wa UDOM. Ndiyo maana sasa kila kikao kinachozungumzia maji ya jiji hili lazima litajwe bwawa. Wako wanaosema lijengwe jipya Farkwa, kule Chemba. Wako wanaosema Hombolo lipanuliwe, tuta lipandishwe. Wako wanaotazama Mtera, bwawa la umeme, na wako wanaotazama mbali zaidi, Ziwa Victoria.

Bwawa na mimi nalitaka. Ninachoomba ni kitu kimoja tu, na nitakisema mapema ili mwenye haraka asisumbuke kufika mwisho: fedha ya kutunza vilima na mashamba yaliyo juu ya bwawa iandikwe kwenye mkataba uleule wa tuta, na ianze kutumika kabla katapila la kwanza halijashushwa. Isiwe mradi mwingine, wa wizara nyingine, utakaotafutiwa mfadhili baadaye. Baadaye hiyo naijua. Nimekuwa bwana shamba miaka 34, nyingi kati ya hizo kwenye hifadhi ya udongo, nikianzia Kondoa na kumalizia Chamwino, na mabwawa yaliyokufa nimeyatembelea mengi kuliko yaliyo hai.

La kwanza lilikuwa la kijijini kwetu. Lilikuwa lambo tu, si bwawa la kutajwa kwenye ramani. Nilipokuwa mtoto, katikati ya maji palisimama nguzo ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe na namba nyeusi, kutoka chini kwenda juu hadi 12. Sisi watoto tulikuwa tukishindana kuogelea hadi kwenye nguzo, na anayefika anapaza sauti kusoma namba iliyo usawa wa maji ili waliobaki ukingoni waisikie. Sikuwahi kusoma chini ya 5, hata mwezi wa kumi. Niliporudi likizo nikiwa mtu mzima, nikiwa na mwanangu wa kwanza, nilimpeleka kumwonyesha. Nguzo ilikuwepo. Namba iliyokuwa juu ya ardhi ni 11 na 12 tu, na mbuzi alikuwa anajikuna mgongo kwenye ile 12. Kumi zilizobaki zilikuwa chini ya tope lililokauka na kupasukapasuka kama ugali wa juzi. Tuta lenyewe lilikuwa zima kabisa, halina ufa, nyasi zimeota vizuri. Fundi aliyelijenga alijua kazi yake.

Ndiyo maana huwa sishtuki nikisikia tuta limekaguliwa na kuonekana imara.

Habari hii si ya kijiji kimoja. Ikowa, kule Chamwino, lilijengwa mwaka 1957, na Hombolo mwaka huohuo. Mwaka 1972 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walichapisha walichokipima kwenye mabwawa manne ya jirani na mji huu: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walipima udongo ulioingia, wakagawa kwa miaka, na jibu likawa kwamba mabwawa haya uhai wake ni wa kuhesabu kwa miongo michache. Hapo nchi ilikuwa haijaamua hata kuhamishia makao makuu hapa. Uamuzi huo ulikuja mwaka uliofuata, 1973. Kwa hiyo tangu kabla ya Dodoma kuitwa makao makuu, tulishaambiwa kwa namba kwamba tatizo la mabwawa ya Ugogo ni udongo. Waliokuja kupanga mji walikuwa na taarifa hiyo kabatini.

Wazee wanasema jina la mji limetokana na neno la Kigogo la kuzama, idodomya: tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope. Sisi tumeendelea na desturi. Baada ya tembo tumezamisha mabwawa.

Nina chupa dirishani. Ni chupa ya kioo ya mviringo iliyokuwa ya asali, na kila mwaka, mvua kubwa ya kwanza ya Desemba inaponyesha, huwa nakwenda kwenye korongo lililo karibu, najaza maji ya mafuriko, naifunga, naiweka dirishani. Ukiitazama jioni ni kama uji wa ulezi. Asubuhi yake udongo umetulia chini, juu yamebaki maji ya manjano. Mwaka jana tope lilifika vidole viwili vyangu vilivyolala. Nikachukua maji ya korongo lilelile mwezi wa tatu, mvua za mwishomwisho, tope halikufika nusu kidole. Korongo ni lile, chupa ni ile. Kilichobadilika ni kwamba Desemba ardhi iko uchi: mabua yameliwa na ng'ombe, nyasi zimekwisha, shamba limeshalimwa linangoja, na tone la mvua linaangukia udongo mtupu. Machi mtama umeshafunika.

Niliwahi kuibeba chupa hiyo kwenye kikao kimoja cha mradi, miaka mingi iliyopita, nikaiweka mezani mbele ya mhandisi aliyekuwa akieleza kina cha bwawa. Aliisogeza pembeni apate nafasi ya kukunjua mchoro wake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mchoro mkubwa na meza ndogo. Lakini kwenye mchoro ule, tope lilikuwa mstari mmoja wa nukta chini kabisa, umeandikwa miaka 50. Nilipouliza hiyo 50 imepimwa wapi, jibu lilikuwa ni makadirio ya kawaida. Ya kawaida ya wapi? Kwetu mvua ni milimita kati ya 550 na 600 kwa mwaka, na zote zinaanguka kwa miezi minne au mitano, na nusu ya hizo unaweza kuzipata katika siku chache ambazo hata paa la bati linatetemeka. Kuna nchi mvua hizo zinanyunyiza mwaka mzima. Udongo wa huko hauwezi kukopeshwa huku kwa ajili ya hesabu.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea, hata sisi mabwana shamba tulilikosea. Ukienda Kondoa utaoneshwa makorongo, yale yanayoweza kumeza lori, na kila kiongozi anayefika hupigiwa picha ukingoni. Korongo linatisha, lakini sehemu kubwa ya udongo unaojaza bwawa haitoki kwenye korongo. Inatoka kwenye shamba la kawaida lenye mteremko mdogo usiouona kwa macho, udongo unabanduka utando kwa utando, wembamba kama karatasi, kila mvua, kwenye maelfu ya ekari. Mkulima mwenyewe haoni. Anachokiona ni kwamba mawe yanazidi kuota shambani kwake. Bibi mmoja wa Mvumi aliniambia mawe yake yanazaana. Kwa hiyo mkienda kupanda miti kwenye makorongo tu na kupiga picha, mtakuwa mmeziba tundu la panya mlango ukiwa wazi.

Sasa Hombolo. Nasikia hoja ya kupandisha tuta inarudi kila mara kwa sababu bwawa lipo tayari, liko karibu, na kupandisha ni rahisi kuliko kuanza upya. Naomba mlifikirie kama mtu anayechemsha maji. Bonde la Hombolo ni la wazi, limekaa kama sahani. Ukiongeza ukingo wa sahani, maji yanapanuka kuliko yanavyoongezeka kina. Na huku kwetu jua linakunywa karibu mita mbili za kina cha maji yaliyo wazi kwa mwaka. Hekta moja ya maji ikipoteza mita mbili, ni lita milioni 20 zimekwenda. Kilomita moja ya mraba ni lita bilioni mbili, yaani zaidi ya wiki mbili za mahitaji ya jiji zima, zimepanda mbinguni bila kupita kwenye mita ya mtu yeyote. Jua likishakunywa, linaacha chumvi. Maji ya Hombolo yana chumvi tayari. Aliyewahi kuchemshia chai maji ya huko anajua, na birika lake linajua zaidi. Zabibu zinavumilia kiasi. Figo za watu ni habari nyingine. Kwa hiyo Hombolo lihudumieni kwa ajili ya wakulima na wavuvi wake, lisafishwe, vijito vyake vizuiwe kuleta udongo, lakini msilibebeshe mzigo wa jiji kwa kuongeza matofali juu.

Kuna wanaosema basi tulichimbe tu, tope litolewe, tena mchanga wake uuzwe kwa wajenzi maana Dodoma yote inajengwa. Nimeisikia hoja hii vijiweni na nimeisikia kwa watu wenye tai. Kwanza, mchanga mzuri wa kujengea unabaki mwanzoni mwa bwawa, pale mto unapoingia. Kinachofika katikati na kwenye tuta ni udongo laini, mfinyanzi, ambao fundi yeyote ataukataa. Pili, pigeni hesabu ya tipa. Mita za ujazo milioni moja ni tipa 100,000 za mita kumi. Zikitoka tipa 100 kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, mtamaliza baada ya siku 1,000. Hapo mvua mbili au tatu zitakuwa zimeshaleta mzigo mwingine.

Bonde la Mto Bubu, ambako ndiko Farkwa kulikochaguliwa, ni afadhali. Mto una maji zaidi, na upande wa jiografia wapimaji wanajua walichokiona. Lakini maji ya Bubu yanatoka wapi? Sehemu yake yanashuka kutoka vilima vya Kondoa Irangi. Wenye umri wangu mkisikia Kondoa Irangi mnakumbuka HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Ardhi ya Kondoa ilikuwa imechakaa kiasi kwamba mwaka 1979 Serikali iliamua mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Mifugo yote. Nilipofika kazini miaka michache baadaye, nilikuta akina mama wakisimulia siku ile kama msiba: maziwa ya watoto, mahari, akiba ya njaa, vyote viliondoka kwa mguu kuelekea nyikani. Siwezi kuwaombea mrudie hilo. Lakini pia siwezi kuficha nilichokiona kwa macho: nyasi zilirudi, miombo ikachipua kwenye visiki vya zamani, na mito ya mchanga ikaanza kujikusanya kwenye njia moja nyembamba badala ya kutapakaa bonde zima. Ardhi ya huku ni mvumilivu mno ukiiacha ipumue.

Mradi ulipokwisha, na fedha za Wasweden zilipokwisha, kazi ilibaki kwa halmashauri, na halmashauri zina madarasa ya kujenga. Makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji yasibebe udongo, tuliyoyachimba kwa jembe na kupandia mkonge, mengine yapo hadi leo, mengine yamelimwa yakasawazishwa. Mifugo ilirudi kimyakimya, kama ilivyotarajiwa. Simlaumu mtu. Ila ninyi mnaotaka kuweka mabilioni ya shilingi chini ya vilima hivyo, mnapaswa kujua kwamba kilichokuwa kikivishikilia ni mradi wa wageni uliokufa zamani, pamoja na mkonge.

Watu wa Mombose na Bubutole, ambao vijiji vyao ndivyo vilivyotakiwa kupisha bwawa la Farkwa, wameishi miaka mingi na neno bwawa kuliko sisi wa mjini. Mtu aliyeambiwa atahama hapandi mwembe. Hakarabati paa. Na nitawaambia kitu ambacho huwezi kukikuta kwenye ripoti ya mazingira: mtu aliyeambiwa atahama hachimbi kingamaji pia, na anakata mti leo kwa sababu kesho utakuwa chini ya maji. Kila mwaka wa kusubiri ni mwaka wa kukata. Kama mnajenga, jengeni, watu wajue tarehe. Na wale wanaobaki juu ya bwawa, kuanzia Chemba hadi Kondoa, wao ndio walinzi wenu. Wana haki ya kulipwa kama walinzi wengine.

Chini ya bwawa nako kuna watu. Bubu unaishia kwenye mbuga ya Bahi, hauendi baharini. Maji yakija vizuri Bahi kuna mpunga na kuna kambale, na ule mchele unaonunua Majengo ukiambiwa ni wa Bahi unatokana na mto huohuo. Mkilifunga bwawa mkaachia maji kidogo tu wakati wa kiangazi kwa ajili ya ripoti, mbuga itakufa polepole, na vijana wake watakuja Nkuhungu na Chang'ombe kusukuma mikokoteni ya madumu. Mbuga inahitaji furiko lake, angalau moja kila msimu mzuri. Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, na milango ya tuta ichorwe kwa kulifikiria hilo tangu mwanzo, maana mlango mdogo haukui baadaye.

Mtera sitasema mengi. Liko chini sana. Kutoka kule hadi mjini ni kuyapandisha maji zaidi ya mita 400 kwenda juu, na bili ya umeme wa pampu italetwa kwetu. Ni kweli kwamba baada ya kupata megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, megawati 80 za Mtera si roho ya taifa tena, kwa hiyo mlango huo si wa kufunga moja kwa moja. Ziwa Victoria nalo likija tutalipokea. Lakini mtu mwenye kiu hapaswi kusubiri mgeni wa mbali huku mtungi wa ndani unavuja.

Mtungi wa ndani ni bonde la Makutupora. Visima vyake vya Mzakwe vimetulea tangu miaka ya 1950, na vimepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Vipimo hivyo, vilivyochapishwa mwaka 2013, vinaonyesha kwamba maji ya chini hayajazwi na mvua za kila mwaka. Yanashuka mwaka baada ya mwaka, halafu unakuja msimu mmoja mkubwa kama ule wa El Niño wa 1997/98, mito ya mchanga inafurika, maji yanazama, kisima kinapanda kwa kishindo. Maana yake ni kwamba mchanga uliolala kwenye mito ile ndiyo koki ya kujazia tangi letu. Na mchanga huohuo ndio tunaoupakia kwenye malori usiku na mchana kujenga jiji. Babu zetu Wagogo walikuwa wakichimba visima vya mikono kwenye mchanga wa mto wakati wa kiangazi na wakitoza misafara ya biashara hongo kwa kunywa maji yao; walijua thamani ya mchanga wenye maji. Sisi tunauuza kwa tripu. Nimesimama kwenye mto mmoja ambao zamani nilichimba kwa kiganja nikakuta maji kwenye kina cha kiwiko. Sasa umebaki mwamba mtupu na alama za meno ya kijiko.

Nalisema hili kwenye barua ya bwawa kwa sababu wanaopanga bwawa huwa wanasahau visima, na wanaosimamia visima hawaitwi kwenye vikao vya bwawa. Mito ya upande wa mashariki iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Bubu ni wa Bonde la Kati. Mtera ni wa Rufiji. Jiji moja, bodi tatu, na ng'ombe anayevuka mpaka wa mabonde hana habari na hata bodi moja. Nani ameshika kitabu cha udongo wa Dodoma? Nimeuliza kwenye ofisi zaidi ya mbili, na kila moja ilinielekeza kwa adabu kwenda kwa jirani.

Fedha mtaniambia hakuna. Mimi mstaafu ninayenunua petroli ya pikipiki najua kuna shilingi 50 kwenye kila lita inayokwenda Mfuko wa Taifa wa Maji. Najua pia mamlaka za maji hulipa ada ya matumizi ya maji kwa bodi za mabonde. Uniti moja ya maji ni madumu 50. Mtu wa Chang'ombe anayenunua dumu kwa muuza mkokoteni anailipia uniti hiyo mara nyingi zaidi ya mwenye bomba, na hajawahi kugoma. Wekeni kiasi kidogo kwenye uniti, kiandikwe waziwazi kwenye bili kuwa ni cha vilima, na kiende kwa vijiji vilivyo juu ya bwawa kwa kazi inayoonekana: mita za makinga maji zilizochimbwa, ekari zilizoachwa zipumue, majiko yaliyopunguza kuni. Kijiji kikitimiza kinalipwa, kisipotimiza hakilipwi. Wenyeviti wa vijiji wa huko wanajua kuhesabu kuliko mnavyodhani.

Na wekeni nguzo. Hili ni dogo lakini nalishikilia. Kwenye bwawa lolote mtakalojenga au kulipanua, pimeni sakafu yake siku ya kulijaza, halafu pimeni tena kila baada ya miaka mitatu, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na ofisi ya jiji, kwa Kiswahili, namba iwe moja tu: limebaki na uwezo wa kubeba kiasi gani. Kina cha maji kinadanganya. Maji yanaweza kuwa yamefika juu kabisa ya tuta, kiongozi akapigiwa picha akitabasamu, kumbe chini yake nusu ni udongo. Nguzo ya kijijini kwetu ilikuwa haidanganyi, ila hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuisoma baada ya sisi watoto kukua. Bwawa la Kidete, kule Kilosa, nalo lilibaki bila mtu wa kuliangalia hadi likabomoka, na reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe imesombwa mara ngapi tangu hapo mnajua ninyi wenye mafaili. Maji yale ni ya Kinyasungwe, yanatokea huku kwetu na udongo wetu.

Maji yamekatika, saa kumi na robo. Nimepata madumu kumi na moja na beseni.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha Desemba, nitakuwa kwenye daraja la korongo na chupa yangu kama kawaida. Nawakaribisha. Mhandisi mmoja akija inatosha, aje na viatu vya mvua na chupa yake mwenyewe, achukue maji palepale ninapochukua, aende nayo ofisini aiweke juu ya mchoro. Asubuhi apime kwa rula, maana vidole vyangu si kipimo cha Serikali.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Bwana shamba mstaafu,
Ipagala, Dodoma.

Nakala:
Bodi ya Maji ya Bonde la Kati
Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu
Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji
(tafadhali msielekezane kwa jirani)